Variksi ya kooni na variksi ya kombe

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Tanga, kazi yangu ni kutembeza wageni ufukweni. Mwezi uliopita baba alitapika damu, tukamkimbiza hospitali, akapitishwa mpira wenye kamera hadi tumboni. Kwenye karatasi ya majibu wameandika "varices". Wiki moja baadaye mgeni mmoja alinionyesha kitabu cha makombe, akasema kombe nililoshika lina "varix" 3 kwa kila mzunguko. Nimekosa usingizi. Je, baba ameota kitu kigumu kama kombe kooni? Au ni kwa sababu tangu utoto tunakula konokono wa baharini? Baba alivua dagaa Ukerewe, kisiwani Ziwa Viktoria, kwa miaka 18 kabla ya kurudi nyumbani, na mdogo wangu bado yuko huko anavua.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa ugonjwa wa mzee. Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Baba yako hajaota kombe kooni, wala jiwe, wala mfupa. Kamera iliona mishipa ya damu iliyotanuka, laini na yenye kuta nyembamba, na wembamba huo ndio hatari yake. Konokono wa baharini mliokula nyumbani hawahusiki kabisa. Yuko konokono mwingine ninayemshuku, na wewe mwenyewe umenipa dokezo lake kwenye sentensi yako ya mwisho. Nitamfikia.

Kwanza neno lenyewe. "Varix" na "varices" ni neno moja la Kilatini, umoja na wingi, kama sisi tunavyosema jicho na macho. Kwa Kiswahili wengine huandika variksi, iwe moja au mia. Warumi walilitumia kwa mishipa ya miguu iliyovimba na kujisokota chini ya ngozi, ile unayoiona kwa mama muuza samaki aliyesimama sokoni miaka thelathini. Celsus, aliyeandika kitabu kikubwa cha tiba katika karne ya 1, alieleza namna mbili za kuishughulikia: kuichoma kwa chuma cha moto, au kuikata na kuitoa. Dawa ya ganzi haikuwapo. Gaius Marius, jemadari aliyekuwa konsuli wa Roma mara 7, alikatwa mishipa ya mguu mmoja bila kufungwa kamba, wala hakutikisika. Tabibu alipogeukia mguu wa pili, Marius alikataa; alisema maumivu yale hayalingani na faida yake. Nakisimulia kisa hiki kwa wanafunzi wangu kila mwaka, maana kinawakumbusha kwamba ugonjwa huu ni wa zamani na unauma.

Karne nyingi baadaye wataalamu wa viumbe waliandika kwa Kilatini kuhusu makombe pia. Waliona baadhi ya makombe yana tuta nene linaloshuka toka juu hadi chini, limenyanyuka juu ya uso wa kombe kama mshipa uliovimba juu ya muundi. Wakaliita kwa jina lile lile. Basi undugu wa maneno haya mawili ni wa macho tu, wa kitu kilichotuna na kupinda juu ya kitu kingine. Ukiuliza kila kimoja kimetokea vipi, majibu yanakwenda pande mbili zisizokutana. Mshipa huvimba kwa sababu ukuta wake umeshindwa kuhimili nguvu ya damu. Tuta la kombe hutokea kwa sababu konokono amesimama na kuujenga ukuta wake uwe imara zaidi.

Kwa kuwa kazi yako ni kombe, tukae hapo kidogo.

Mezani kwangu nina kombe la Chicoreus ramosus, konokono mkubwa wa Bahari ya Hindi ambaye naamini umemwokota mara nyingi. Huenda ndiye uliyemshika siku ile. Nililinunua nikiwa mwanafunzi. Siku hizi sinunui tena, kwa sababu makombe yanayong'aa kwenye meza za wauzaji mara nyingi yalichukuliwa mwenyewe akiwa hai ndani. Ukilishika, uelekeze mdomo wake kwako. Mdomo ni mweupe, ukingo wake una rangi ya waridi, na upande wa nje wa ukingo huo umetoa matawi yaliyojikunja kama majani. Sasa lizungushe taratibu. Baada ya theluthi moja ya mzunguko utakuta safu nyingine ya matawi, imekwaruzika zaidi. Theluthi nyingine, safu ya tatu. Halafu unarudi mdomoni. Panda juu kuelekea ncha, utaona zile safu zinaendelea, zikizidi kuwa ndogo, hadi kombe linapokuwa jembamba kama ukucha. Kila safu ni variksi, na kila variksi iliwahi kuwa mdomo.

Hilo ndilo la kuwaambia wageni wako: variksi ni mdomo wa zamani. Konokono hujenga kombe lake kwa ngozi laini inayofunika mwili wake wa ndani, nayo hutoa kalsiamu kabonati na kuipaka kwenye ukingo wa mdomo. Konokono wengi huongeza kidogo kidogo bila kituo kinachoonekana. Lakini jamaa hawa, wa ukoo wa Muricidae, hukua kwa vishindo. Anajenga haraka kipande kizima cha theluthi ya mzunguko, na kwa muda huo ukingo wake ni mwembamba, rahisi kwa kaa kuumega. Kisha anasimama. Anaunenepesha ukingo, anautia miiba au majani, na anakaa hivyo kwa kipindi kirefu akiwa na mlango wenye boma. Akianza kukua tena, boma lile linabaki mgongoni, na boma jipya linajengwa mbele. Kwa hiyo usimwambie mgeni kwamba kuhesabu variksi ni kuhesabu miaka. Zinahesabu vituo vya safari, na vituo vingine huwa karibu na vingine mbali.

Kuna jambo moja ambalo hunistaajabisha kila nikilitazama. Kombe linajizungusha, kwa hiyo mdomo mpya lazima upite juu ya miiba ya zamani iliyo njiani. Konokono angefanyaje? Anaiondoa. Huyeyusha na kukata miiba yake mwenyewe ya zamani pale ambapo mzunguko mpya unataka kupita, kisha anaendelea na ujenzi. Ukichungulia sehemu ambapo mzunguko wa mwisho unalala juu ya ule wa kabla yake, utaona visiki.

Si kila ukoo una mpango wa theluthi. Konokono wa ukoo wa Bursidae, kwa mfano Bursa granularis unayeweza kumkuta kwenye mawe maji yakipwa, huweka variksi 2 kwa kila mzunguko, moja kila upande, zikapangana toka juu hadi chini kana kwamba kombe limebanwa kati ya viganja viwili. Charonia tritonis, yule mkubwa ambaye watu wa visiwa vingi hutoboa kombe lake wakalipuliza kama baragumu, huweka variksi moja kila anapomaliza karibu theluthi mbili za mzunguko, kwa hiyo hazipangani kwenye mstari mmoja. Huyo mwache baharini popote umkutapo. Anamla yule kiti cha pwani mwenye miiba anayeharibu matumbawe, na walaji wa mnyama yule ni wachache.

Na usichanganye variksi na mbavu za kawaida. Makombe mengi yana mistari na matuta madogo pande zote, yaliyojengwa kama pambo la ukuta bila konokono kusimama. Namna ya kutofautisha ni rahisi: tazama ukingo wa mdomo wa sasa, unene wake na miiba yake, kisha utafute umbo lile lile nyuma yake. Ukilipata, hiyo ni variksi.

Sasa nirudi kwa mzee.

Damu yote inayotoka kwenye tumbo, utumbo na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa kwenye mshipa mmoja mkubwa unaoingia kwenye ini, madaktari huuita vena ya mlango, na ini huipokea, kuichuja na kuitumia. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupitia mlango huo. Kwa mtu mzima wa afya, msukumo unaohitajika kuipitisha ni mdogo sana: tofauti ya shinikizo kati ya kuingia na kutoka ni milimita 1 hadi 5 za zebaki. Ini likijaa makovu, njia hubana. Tofauti hiyo ikifika 10, variksi huweza kuanza kuota. Ikifika 12 na kupita, zinaweza kupasuka.

Fikiria Ngamiani kwenu, na barabara zake za namba. Njia kuu ikifungwa, magari hayasimami; yanajipenyeza kwenye barabara ndogo ambazo hazikujengwa kwa malori. Damu nayo hufanya hivyo. Hutafuta vimishipa vidogo vinavyounganisha eneo la tumbo na njia nyingine za kurudi moyoni, na sehemu moja muhimu ya makutano hayo ni mwisho wa umio, yaani njia ya chakula toka kooni, pale chakula kinapoingia tumboni. Vimishipa vya pale ni vyembamba na viko juu juu, karibu kabisa na uso wa ndani. Vikibebeshwa mzigo huo miezi na miaka, hutanuka, hurefuka na kujipinda. Kwenye kamera huonekana kama kamba za buluu zilizolala kwa urefu wa umio, nyingine zikiwa na vidoa vyekundu, na vidoa hivyo ndivyo vinavyotutia wasiwasi, maana vinaonyesha ukuta umekwisha kuwa mwembamba mno. Mara ya kwanza nilipoziona nikiwa daktari mchanga nilirudisha mpira nyuma kidogo bila kukusudia, kwa hofu ya kuzigusa.

Kwa hiyo unaona tofauti na kombe lako. Ile ya konokono ni ukuta ulioongezwa. Hii ya mzee ni ukuta uliovutwa hadi ukakaribia kuisha.

Nani alibana ini lake? Sababu ziko kadhaa: pombe ya miaka mingi, virusi vya homa ya ini B au C, na nyinginezo. Daktari wake lazima azitafute zote. Lakini umeniambia miaka 18 Ukerewe, kwenye maji, kukokota nyavu na kuoga ziwani, na hapo ndipo namshuku konokono wangu.

Anaitwa Biomphalaria. Anaishi kwenye maji baridi, na yumo Ziwa Viktoria. Kombe lake ni dogo, la kahawia, bapa kama kamba iliyoviringishwa ikalazwa mezani, mara nyingi halifiki hata upana wa ukucha wa kidole gumba. Na ukilitazama kwa kioo cha kukuzia, ni laini toka katikati hadi ukingoni. Halina variksi hata moja. Ndani yake ndimo vinamokulia viluwiluwi vya mnyoo wa kichocho cha tumbo. Konokono mmoja aliyeambukizwa huweza kutoa maelfu ya viluwiluwi hivyo majini, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyesimama ziwani, bila kidonda, bila yeye kujua. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho kwenye mishipa ya maiti huko Cairo mwaka 1851, na mwaka 1915 Robert Leiper, akiwa Misri, alionyesha jinsi konokono wanavyohusika.

Minyoo wakishafika ndani hukaa kwenye mishipa ya utumbo, dume na jike wameshikana, kwa miaka mingi. Jike hutaga mayai kila siku, mamia. Mengine hutoka na choo na kurudi ziwani ikiwa choo kimejengwa vibaya au hakipo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini na kukwama. Mwili huyazungushia makovu, kovu juu ya kovu, kufuata matawi ya vena ya mlango. Symmers, aliyelichunguza jambo hili pia Cairo, mwaka 1904 aliyafananisha makovu hayo na mashina ya viko vya udongo, meupe na magumu, yaliyochomekwa ndani ya ini. Njia ya damu inabanwa, bandama inavimba, na variksi zinaota kwenye umio. Mara nyingi chembe za ini lenyewe zinabaki zikifanya kazi vizuri kwa muda mrefu, ndiyo maana mvuvi anaweza kuwa na nguvu zake, anakula, anacheka na wenzake, na dalili yake ya kwanza ikawa kutapika damu. Sasa unaelewa kwa nini swali lako lilinigusa: konokono asiye na variksi ndiye huwapa watu variksi.

Yule wa baharini hana mnyoo huu. Na hata kichocho chenyewe hakipatikani kwa kula konokono. Hupatikana kwa ngozi kugusa maji baridi yenye viluwiluwi.

Kuhusu matibabu, nakueleza yale ya kuzungumza na daktari anayemwona mzee, si kuyafanya peke yenu. Variksi zilizokwisha kutoa damu huzibwa kwa kufungwa vipira: mpira wa kamera hufyonza mshipa kidogo, kipete cha mpira kinaachiwa shingoni mwake, na baada ya siku kadhaa sehemu ile hufa, ikadondoka, ikaacha kovu. Hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi zote ziishe. Msifurahie mara ya kwanza mkaacha kurudi. Nimewaona wagonjwa wakipotea kati ya kipindi cha kwanza na cha pili kwa sababu walijisikia wamepona. Kuna pia dawa ya vidonge, propranololi, inayopunguza shinikizo la vena ya mlango. Akiandikiwa, asiikatishe ghafla, na aseme mapema ikiwa ana pumu. Akikutwa na kichocho, prazikwanteli huua minyoo, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Makovu ya zamani hayafutiki kwa siku moja, lakini mayai mapya hukoma.

Nyumbani, ondoeni diklofenaki na aspirini kwenye kabati la mzee. Najua mgongo wa mvuvi unauma na vidonge hivi vinapatikana kila duka, ila vinazidisha hatari ya kutoka damu. Akiumwa, aulize kwanza apewe nini. Pombe aiache. Akitapika damu tena, au choo kikawa cheusi kinachonata kama lami, au akaona kizunguzungu na jasho baridi, msingoje asubuhi wala msimpe dawa ya vidonda vya tumbo mkasubiri. Ni hospitali saa hiyo hiyo.

Huenda ukataka kuitafsiri ile karatasi kwa ajili ya mama. Mwandikie "mishipa ya damu iliyovimba kwenye umio". Neno variksi tuliache kwa madaktari na kwa wakusanya makombe, maana kwa mama halisemi chochote na kwako limekwisha kukutisha. Kwa wageni wako waweza kusema "mdomo wa zamani wa kombe". Wataelewa kabla hujamaliza sentensi. Na ukikutana na maneno yanayofanana nalo, uwe mwangalifu. Varikosili, uvimbe wa mishipa kwenye korodani, ni ndugu halisi wa variksi na huwa zaidi upande wa kushoto. Varisela, yaani tetekuwanga, si ndugu yake. Hiyo imetokana na jina la Kilatini la ndui.

Sasa mdogo wako. Huyu ndiye ninayemwaza zaidi, kwa sababu mzee yuko mikononi mwa madaktari na yeye yuko majini. Mpigie simu leo. Aende kituo cha afya kilicho karibu naye, apeleke choo kipimwe kichocho, na aombe apimwe ini na bandama kwa ultrasaundi hata kama anajisikia mzima. Akikutwa nacho, prazikwanteli ni dozi ya mara moja. Atarudi ziwani, najua, ndiko riziki yake iliko, na ataambukizwa tena. Basi arudie kupima kila mwaka, na akikaa kambini atumie choo, hata akiwa na haraka ya kuwahi mitumbwi. Akikuuliza kwa nini unamsumbua, mwambie karatasi ya baba ilisema nini.